Kiberiti Kando ya Kinyonga

Mtaani walimwita Mzee Kiberiti, na mgeni angedhani ni mvutaji wa kupindukia. Hajavuta hata mara moja maishani. Jina lilimganda kwa sababu hakutoka nje bila kiberiti mfukoni mwa shati, na kila alipokuta mdudu au mjusi aliyekubali kutulia, alikilaza kile kiberiti kando yake kwanza, ndipo akapiga picha kwa simu yake yenye ufa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mitambo ya uchapaji, na fundi wa uchapaji haiamini picha isiyo na kipimo. Kiberiti kila mtu anakijua ukubwa wake. Ukimwona tandu amelala kwa urefu wa viberiti vitatu, huna haja ya kuambiwa ukae mbali. Ndege ndio waliomsumbua, maana wengi hawakungoja kiberiti, na hao aliwapiga picha hivyo hivyo kwa kinyongo.

Kazi hiyo alijipa mwenyewe alipostaafu. Alitaka kumpiga picha kila kiumbe asiyefugwa anayeishi kati ya mlango wake na kijito kinachopita nyuma ya nyumba, mmoja kwa siku, bila kurudia. Kuku, mbuzi, paka na watoto wa jirani hawakuingia kwenye hesabu. Mkewe alimcheka mpaka akachoka, kisha akageuka kuwa macho yake. Alikuwa akifua nje, ghafla utamsikia anaita, "Wewe, njoo umchukue mtu wako," na mzee angeacha chai yake ipoe akakimbilia vunjajungu aliyetua kwenye beseni.

Mkewe akafariki. Miezi haikupita mingi mzee akateleza bafuni, akagonga kichwa, na binti yake wa pekee akapanda basi kutoka mji wa mbali akiwa na begi kubwa tupu. Begi lile lilikuwa la kubebea vitu vya baba. Binti ni mhasibu wa kampuni ya malori, anakaa ghorofa ya nne, na alikuwa ameshatandika kitanda cha mzee kwenye chumba cha pili. Walibishana siku mbili. Mzee alisema kwamba ghorofa ya nne hakuna mdudu mwenye akili timamu atakayepanda kumtembelea. Binti alisema hana nguvu ya kuzika wawili mfululizo. Mwishoni wakakubaliana hivi: kila asubuhi, kabla binti hajaanza kazi, baba amtumie picha ya kiumbe wa siku hiyo. Picha ikifika, binti atajua kwamba baba ameamka, ametoka, ameinama na ameinuka. Asubuhi isiyo na picha, begi linarudi.

"Picha ya siku hiyo hiyo, baba," binti alisisitiza.

"Ya siku hiyo hiyo," mzee akaitikia, na wakashikana mikono kama watu wanaouziana kiwanja.

Akaanza upya kabisa, tangu nyenyere. Zile picha za enzi za mkewe aliziacha zikae kwenye simu bila kuzigusa. Kila asubuhi alirusha picha, na kila asubuhi binti alijibu kwa kile kidole gumba cha njano kilichosimama. Hicho tu. Mzee alijipinda kando ya rundo la matofali kumpata buibui, magoti yakalia, halafu analipwa kidole. Alijiambia kwamba mtoto haangalii picha, anaangalia kama imefika, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Sasa tatizo likawa mguu. Siku moja alikuwa akimvizia mdiria kule kijitoni, na mdiria ni ndege wa maringo. Atakaa kwenye tawi moja asubuhi nzima, ukichomoa simu tu anahamia ng'ambo. Mzee alivuka uzio uliolala chini, macho juu, akapata picha yake, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Alipovua viatu mlangoni ndipo akaona soksi imelowa damu. Kipande cha waya kilikuwa kimetoboa soli na kuingia chini ya kidole kidogo, na yeye hakuwa amehisi kitu. Damu haikumtisha. Kutohisi ndiko kulikomtisha, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari, na daktari alikwisha mwonya kwamba miguu yake imeacha kusema ukweli, kwa hiyo aikague kila siku kama watu wanavyojitazama usoni kwenye kioo. Mzee alikuwa ameitikia sawa daktari, akaenda zake kuwakagua kereng'ende.

Alijua kabisa kwamba alitakiwa aende zahanati. Alijua pia kwamba kwenye kadi yake ya zahanati, pale palipoandikwa ndugu wa karibu, ipo namba ya binti. Wangemwangalia mguu, wangetikisa kichwa, wangepiga simu, na begi lingepanda basi. Basi akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akajipa moyo kwamba kitakauka chenyewe.

Hakikukauka. Siku za mwanzo alikula akiba ya nyumba. Alipiga fukusi waliokuwa kwenye mchele, viluwiluwi vya mbu ndani ya pipa, mjusi wa darini, yule mdudu mwembamba wa fedha anayetafuna vitabu. Kila mmoja na kiberiti chake, kila mmoja akarudishiwa kidole gumba. Lakini nyumba ya mtu mmoja msafi haina viumbe wengi, na yeye alikuwa ameapa kutorudia. Kila jioni alilala akijiuliza kesho atampata nani, na kila asubuhi mguu ulikuwa mzito zaidi ndani ya soksi.

Tena kulikuwa na jirani. Ukuta kwa ukuta na nyumba yake aliishi mama muuza mkaa, aliyekuwa shoga wa marehemu, na ambaye macho yake hayakuwahi kupitwa na kitu. Alimwita mzee shemeji, na alikuwa na namba ya binti.

"Shemeji, mbona siku hizi hushuki kijitoni?" aliuliza juu ya ukuta.

Mzee akasema goti linamsumbua. Jirani akataka kujua goti lipi, mzee akagusa la kulia. Kesho yake alipoulizwa goti linaendeleaje, akagusa la kushoto, na muuza mkaa akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Tangu hapo mzee akawa anafungua dirisha la upande mmoja tu.

Ikafika asubuhi ambayo mguu ulikataa kabisa. Kidole kidogo kilikuwa kimebadilika rangi, cha zambarau upande wa juu, na kwa chini hakutaka kutazama. Akaburuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa, akachungulia uani. Alipita nzi, ambaye alishapigwa. Alipita siafu mmoja aliyepotea njia, naye alishapigwa. Tetere akatua juu ya ukuta, akaguna, akaruka. Huyo tangu wiki ya kwanza. Saa ya binti kuingia kazini ilikuwa inakaribia, na moyo wa mzee ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayesikia basi linaondoka huku bado anafunga kamba za viatu.

Hapo ndipo alipomkumbuka kinyonga.

Picha ile ilikuwa ya zamani, ya mwaka ambao mkewe alikuwa hai. Kinyonga yule alitokea mlangoni, juu ya kizingiti, kijani kibichi, jicho moja huku na jingine kule. Mkewe, aliyeweza kumpiga hata nyoka kwa mwiko, alikuwa anaogopa vinyonga kuliko kitu chochote duniani. Alipiga yowe, akakimbilia ndani, akafunga mlango wa chumbani na kudai kwamba hatatoka mpaka aletewe uthibitisho. Mzee alicheka hadi akalazimika kushika ukuta, kisha akaweka kiberiti na kupiga picha ndipo akampeleka mgeni kichakani. Kinyonga mwingine hajawahi kumwona tena. Picha hiyo hakumtumia mtu yeyote, kwa kuwa aliihesabu kuwa ni yao wawili.

Akaifungua. Aliikagua kwa jicho la fundi anayetafuta kosa kabla mtambo haujawashwa. Rangi ya ukuta ilikuwa ile ile. Kizingiti kina ule ule mpasuko. Kiberiti ni cha chapa ile ile anayotumia hadi leo. Kivuli kinaangukia kushoto, maana yake ni asubuhi. Akaikuza, akaipunguza, akaizungusha, hakuona kosa. Akajiambia kwamba isitoshe mtoto mwenyewe haangalii. Akairusha.

Kidole gumba hakikurudi.

Alingoja. Alijua kwamba picha imefunguliwa, kwa vile alama zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu. Labda bosi wake kamwita. Labda mtandao. Akaweka simu chini, akaichukua, akaipangusa kioo, akaiweka tena. Alipofikiria kuongeza neno, aseme kwa mfano huyu leo kanisumbua kweli, alijizuia, maana siku zote haongezi neno na mwongo hujulikana kwa maelezo. Simu ikaita mkononi mwake na nusura aidondoshe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeipata picha?"

"Nimeipata. Kinyonga mzuri." Kisha akauliza, "Baba, kandambili za mama zinafanya nini hapo mlangoni?"

Mzee aliinua macho akatazama mlangoni, kana kwamba kweli angezikuta. Hapakuwa na kitu. Akaiondoa simu sikioni, akaifungua ile picha, na kwenye pembe ya juu akaziona, mbili za bluu, moja imepinduka, ile ya kushoto ina mkanda ulioshonwa kwa waya wa shaba. Mkewe aliruka akaziacha hapo alipomkimbia kinyonga. Mzee alikuwa ameikagua picha nzima na hakuziona, kwa sababu machoni pake hazijawahi kuondoka. Mpaka leo akipita mlangoni hupakwepa pale mahali asizikanyage.

"Nilizichukua mimi siku niliyoondoka baada ya msiba," binti alisema. "Ziko kwangu, chini ya kitanda."

"Picha ni ya zamani," mzee akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Hilo nimeliona. Wewe wa leo uko wapi?"

"Nipo."

"Baba, uko wapi?"

"Nimekaa," akasema. "Siwezi kusimama vizuri."

Upande wa pili kulisikika kiti kinasogezwa. Binti alisema anakuja, na simu ikakatika.

Mji ule haukuwa karibu. Basi lingefika mchana. Mzee alikuwa na muda wa kutosha wa kuogopa, na aliutumia wote. Alifikiria kufuli kwenye mlango wake, ua umeota majani, na mtu mwingine amepangishwa ambaye atamwaga dawa ya wadudu kila pembe. Alikifikiria kile chumba cha pili cha ghorofa ya nne, na dirisha linalotazama dirisha la watu wengine. Akavua soksi aoshe mguu, harufu ikampanda puani, akaivaa tena upesi. Akavaa soksi mpya juu ya ile ya kwanza. Akafungua madirisha yote, hata lile la upande wa jirani.

Muuza mkaa hakupiga hodi. Aliingia na vumbi lake jeusi mikononi, akavuta kigoda, akasema ametumwa akae hapa asimwondolee mzee macho. Akaanza kumsuta juu ya yale magoti yanayohama, na mzee alikuwa ameshajiandaa kujibu. Halafu harufu ikamfikia. Akakata maneno katikati, akatazama zile soksi mbili, akajikunyata na kunyamaza. Mwanamke huyo hajawahi kunyamaza hata msibani, na ukimya wake ndio uliomfanya mzee aelewe kwamba jambo lenyewe lilikwisha vuka nyumba na begi. Aliogopa kufa. Aliogopa waziwazi, na akatamani binti afike upesi na hilo begi lake.

Binti alifika jasho linamtoka, begi begani. Hakusalimia. Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Vua soksi, baba."

"Zipo mbili."

"Vua zote."

Alivua. Binti alitazama bila kugeuza uso, kisha akainuka kwenda kutafuta gari, na mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Hospitali walikata kidole kimoja, kile kidogo, wakakwangua na kusafisha mpaka wakafika penye nyama hai. Daktari wa upasuaji, kijana asiyepoteza maneno, alisema kwamba mguu utabaki. Alisema pia kwamba wangechelewa wiki moja, maongezi yangekuwa juu ya goti. Muuza mkaa aliyekuwa amesimama mlangoni akataka kujua goti lipi, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hizo zote, kisha cheko likamgeukia kilio na akaachia tu.

Binti alikaa kando ya kitanda bila kumlaumu, na hilo lilimtesa zaidi. Begi lilikuwa pale sakafuni. Mzee alilitazama mpaka akashindwa kuvumilia, akaona afadhali alitamke mwenyewe.

"Nimevunja makubaliano yetu, mama. Nitakuja kukaa kwako. Funga nyumba, mimi sina neno."

 Binti alikuwa anaikunja na kuikunjua pembe ya shuka.

"Unajua nilipoziona zile kandambili nilidhani nini?" akasema. "Kwa dakika moja nilidhani mama yupo. Nilitaka kukupigia nikuambie umpe simu. Ndipo nikashtuka, nikajua ni ya zamani, na kama ya leo ni ya zamani basi wewe huna ya leo. Baba, wenzangu ofisini walinikalisha chini."

Mzee alisema alidhani haangalii picha. Alimwambia habari ya kile kidole gumba, jinsi kinavyomkera. Binti akamtazama kwa mshangao wa kweli. Alieleza kwamba kila asubuhi hawezi kufungua hesabu za malori kabla picha haijaingia, na ikichelewa anajumlisha safu moja mara tatu na kupata majibu matatu. Ikiingia anaikuza, anamtazama mdudu, anatazama kiberiti, anatafuta kivuli cha baba chini. Akiandika neno atalia, na amekaa mbele ya watu. Kwa hiyo anabonyeza kidole.

 Nzi akatua juu ya bandeji, na mkono wa mzee ukaenda mfukoni kwa mazoea, ukakuta nguo ya hospitali isiyo na mfuko.

"Utakaa kwangu mpaka kipone," binti alisema hatimaye. "Kikipona utarudi kwako, na picha zitaendelea. Lakini kiberiti sikitaki tena."

"Nitapimia nini?"

"Mguu. Kila picha iwe na mguu wako ndani, mtupu, pembeni ya huyo kiumbe, nione vidole vyote. Siku nisipoona mguu, begi."

Mzee alilalamika kwamba hakuna mdudu wa heshima atakayekubali kupigwa picha na kitu kama kile. Binti akasema hayo ni yake na wadudu wake.

Ghorofa ya nne alikaa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kidonda cha mtu wa sukari hakina haraka. Alizijua ngazi zote kwa mlio wake, na chini ya kitanda cha binti alizikuta kandambili za bluu zimepangwa sambamba, akazirudisha kama alivyozikuta. Mvua zilipoanza, daktari akatikisa kichwa, safari hii kwa kuridhika, na mzee akapanda basi kurudi kwake.

Asubuhi ya kwanza nyumbani alikaa kwenye kizingiti. Uani majani yalikuwa yamefika magotini, na muuza mkaa alikuwa amesimama juu ya ndoo upande wa pili wa ukuta, akijifanya anaanika kitu. Mzee alivua kiatu, akavua soksi moja, maana sasa alivaa moja tu, akaunyoosha mguu kwenye udongo uliolowa. Hakupata kiumbe mpya. Alipata jongoo, mnene, mwenye haraka zake, aliyefika hadi kwenye kovu, akasita, akaanza kuzunguka. Mzee akapiga picha, akairusha, na moyo ukaanza kumwenda mbio vile vile kama zamani.

Kidole gumba hakikuja. Yalikuja maneno.

"Jongoo ulishamtuma mwezi ule tulioanza, alikuwa mwembamba kuliko huyu. Leo nakusamehe. Mguu ndio mpya, naupokea."

Akayasoma, akayasoma tena, jirani akauliza juu ya ukuta kama kuna habari mbaya. Mzee akasema hapana. Kisha akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akaupandisha juu ya goti kwenye mwanga, akaukagua juu na chini, kidole kwa kidole, vyote vinne.